Siku moja maishani mwangu: cherehani mbele, bwawa nyuma

Saa 11:20 alfajiri. Nimeamshwa na ukimya. Maji yanayomwagika kutoka kwenye pipa la chujio husikika hadi chumbani, nami nimezoea kulala nayo kama wengine wanavyozoea feni. Leo yalikuwa yanadondoka tu. Nikajitupia khanga, nikashika tochi.

Sato, samaki ninaowafuga bwawani, walikuwa juu, midomo nje, wanameza hewa. Saa hizi ndizo mbaya kwao. Usiku ule ukijani wa majini hautengenezi oksijeni, unaitumia tu, kwa hiyo kabla jua halijachomoza ndipo inapokuwa chini kabisa. Na joto hili la Dar mwezi wa tatu! Maji yakipata moto hayashiki oksijeni nyingi. Nikachota kwa ndoo, nikamwaga kutoka juu, nikachota, nikamwaga, karibu nusu saa. Ungeniona ungedhani nimegombana na bwawa.

Saa 12:30. Jua limetoka, samaki wametulia. Chakula cha asubuhi sikuwapa, maana samaki akishakula anahitaji oksijeni zaidi, na hapo yenyewe ni ya kukopa. Mwanangu wa darasa la sita katoka na mswaki mdomoni: "Shikamoo mama. Mbona maji yamenyamaza?"

"Marahaba. Vaa viatu, gari litakuacha."

Saa 2. Kabla ya kukaa kwenye cherehani nikapima kasi ya maji ambayo pampu ya bwawani inayapandisha hadi kwenye chujio. Pampu ikiwa nzima, ndoo ya lita 20 hujaa kwa sekunde 24 hivi, yaani lita 3,000 kwa saa. Bwawa langu ni mita 4 kwa 3, kina mita 1, kwa hiyo maji yote yanapita kwenye chujio kila baada ya saa 4. Boksi la pampu limeandikwa lita nyingi zaidi, ila boksi halijui kwamba kwangu maji yanapanda mita moja na nusu. Leo ndoo ilijaa kwa dakika 2 na sekunde 10.

Nikashona hadi saa 5. Sare za harusi hazingoji samaki.

Saa 5:30. Kwanza plagi, ndipo mkono majini. Sheria hiyo haina msamaha nyumbani kwangu. Pampu nikaivuta kwa kamba yake, maana ukiivuta kwa waya ipo siku utaukata. Kwenye kikapu cha nje kulikuwa na konokono wadogo, majani ya mwembe wa jirani na ukijani kama sufi. Nikasafisha, nikarudisha, nikapima: dakika moja na nusu. Bado.

Nikafungua kifuniko, nikachomoa impela, kile kipande cha sumaku chenye mapanga. Kwenye mhimili wake kulikuwa na uzi. Uzi wa pinki, umejisokota ukabana kama bobini. Wiki nzima nimemlaumu konokono, nimeulaumu mwembe, kumbe ni sare za Jumamosi iliyopita! Vitambaa huwa navikung'utia baraza ya nyuma, upepo unamalizia kazi.

Nikaukata kwa kile kisu kidogo cha kufumulia mshono, nikasugua tundu kwa mswaki wa zamani. Chupa ya mafuta ya cherehani ilikuwa pale pale na mkono ulitamani. Hapana. Pampu hii inalainishwa na maji yenyewe, na mafuta kwenye bwawa ni balaa.

Sponji za chujio ziko nne. Nilikamua mbili tu, kwenye ndoo ya maji ya bwawa. Humo wanaishi bakteria wanaopunguza sumu ya kinyesi cha samaki, na klorini ya bombani inawaua. Mwaka jana nilizifua zote kwa maji ya bomba zikatakata kabisa. Nilizika samaki kumi na mmoja.

Saa 7 mchana. Ndoo: sekunde 27. Napokea. Bwawa lilikuwa limepungua vidole viwili, nikaongeza maji yaliyolala kwenye pipa wazi tangu jana ili klorini iruke.

Saa 10 jioni. Mteja kachukua sare zake, kaniuliza kama mbu hawanisumbui. Viluwiluwi vya mbu havifikishi hata siku mbili mbele ya sato. Wanaoniuma wanatoka kwenye mfereji wa barabarani.

Saa 1 usiku. Luku imebaki uniti 3. Pampu ya wati 60 inakula karibu uniti moja na nusu kwa siku. Nikanunua kwa simu hapo hapo.

Mwanangu akashauri tuifunge pampu kwa chandarua cha zamani kuzuia nyuzi. Wazo zuri, chandarua kibaya: dawa ya mbu huua na samaki. Nikatafuta mabaki ya neti ya shela ya bibi harusi, nikayafua kwa maji matupu, na saa 3 usiku nikawa nashona mfuko wa pampu. Ncha za uzi nimezikata mara tatu.