Nilisemwa najichubua, kumbe ni upungufu wa vitamini B12

Mkorogo sijapaka hata siku moja, so fikiria nilivyojisikia wifi yangu aliponishika mkono kwenye kichen pati akasema mbele za watu "wifi, acha hizo krimu, vidole vinakuumbua". Wakacheka. Huku Dar kila mtu anajua anayejichubua uso unaweza kuwa Fanta ila vifundo vya vidole vinabaki Coca-Cola.

Na kweli vilikuwa vyeusi tii, vyote kumi, mistari ya viganja kama nimeshika mkaa, nyayo nazo madoa madoa. Nikasugua limao, famasi wakanipa tyubu mbili za fangasi, wapi. Ulimi ulikuwa unawaka nikila pilipili, usiku miguu ganzi na kuchomachoma kama siafu, hilo nikasema ni sukari tu maana nina mwaka wa 9 natumia metformin, dawa ya sukari.

Siku ya kliniki dokta mmoja binti mdogo tu alikuwa ananipima nyayo kwa ule uzi wa plastiki, akasimama, akasema "mama hebu na mikono". Halafu toa ulimi. Akauliza metformin miaka mingapi. Picha kamili ya damu ikaonyesha damu ndogo na chembe nyekundu kubwa kuliko kawaida, B12 iko chini kabisa (kipimo hicho nililipa mfukoni, bima walikataa). Kumbe metformin ya miaka mingi inapunguza vitamini hiyo kuingia mwilini, na ikipungua sana sisi weusi inaweza kuonekana hivyo vidoleni. Nikagombezwa na kwa vidonge vya foliki (folic acid) nilivyokuwa najinunulia, eti vinaweza kupandisha damu ukajiona umepona huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika, hapo ndo niliogopa.

Metformin sikuachishwa. Nikaanza sindano za B12 siku moja ndiyo moja siyo, sasa hivi kila miezi 2, na yenyewe ni nyekundu, mama mkwe alivyoiona akasema si nilikwambia unywe rosela hahaha. Mchicha na rosela havina B12 jamani, ipo kwenye maini, samaki, mayai, maziwa, ila mimi tatizo halikuwa chakula.

Mwezi wa tatu wa sindano vidole vikaanza kutakata. Ganzi ya mguu wa kushoto bado ipo kidogo. Juzi wifi kaniuliza siku hizi natumia krimu gani, nikamwambia ya kuchomwa takoni.