Tarehe ya Kuajiriwa

Mwaka 2018, agizo lilipokuja kwamba walimu wa sanaa waliozidi sekondari wapelekwe shule za msingi, nilikuwa nafundisha Kiswahili kwenye sekondari moja ya serikali karibu na Kariakoo. Ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa shuleni, ilionyesha tumezidi. Walimu wa Fizikia na Hisabati walikuwa wa kutafuta kwa tochi, lakini sisi wa Historia na Kiswahili tuligawana vipindi hadi vikawa haba.

Mkuu wa shule alituita baada ya vipindi, akasoma orodha. Kigezo kilikuwa kimoja tu, tarehe ya barua ya ajira: wa mwisho kuja ndiye wa kwanza kuondoka. Jina la kwanza likawa la Madam mmoja wa Historia, binti aliyekuwa bado mgeni kazini.

Huyo alikuwa mwalimu hasa. Siku aliyofundisha Vita vya Maji Maji nilimkuta amechora ubaoni kwa kichwa, bila kitabu, Mto Rufiji, Milima ya Matumbi, Kilwa, hadi Songea. Kisha akamsimamisha kijana wa dawati la nyuma. "Wewe ni Kinjeketile. Maji umeshagawa, na risasi za Wajerumani zinaua. Waambie watu wako." Darasa zima likageuka kumngoja mwenzao ajibu.

Nikanyoosha mkono. "Mkuu, tuangalie na kazi ya darasani. Matokeo ya kila somo tunayo."

"Mwalimu wangu, nikianza kuchagua mtasema nimewaonea. Tarehe haina ndugu."

Wakongwe wakatikisa vichwa kuunga mkono, na niliwaelewa. Wapo waliowahi kuhamishwa kwa sababu tu hawakuelewana na mkuu, na miaka yao kazini ndiyo kinga waliyobaki nayo. Lakini katika kikao kile chote hakuna aliyewataja wanafunzi wa Kidato cha Tatu aliokuwa akiwafundisha yule Madam. Hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Madam akapangiwa shule ya msingi Chanika, ndani ya Manispaa ileile ya Ilala, mwendo wa daladala kupitia Gongo la Mboto na Pugu. Watoto wa Chanika wanastahili mwalimu wa namna ile, tena sana. Ila yeye alisomea Historia ya sekondari, akaenda kukabidhiwa Darasa la Pili awafundishe kusoma na kuandika, kazi yenye ufundi wake ambao hakuna aliyemfundisha. Na huko pembezoni ndiyo kawaida: mwalimu anapelekwa akiwa mchanga, akishakomaa anaomba uhamisho kusogea mjini, shule inabaki inapokea wachanga wengine.

Vipindi vyake akapewa mkongwe ambaye daraja lake la mshahara lilituzidi wote. Wiki iliyofuata nilipita darasani kwake. Monita alikuwa akinakili notisi ubaoni, wenzake wakiandika. Mwalimu alikuwa ofisini.