Miche 20 kwa darasa la watoto 40: ninavyopanda Tabora

Idadi ya miche huwa naipanga kwa maji ya Septemba. Kitalu kinaweza kukupa miche 200 bila shida, nani ataimwagilia? Mche mchanga kwenye mchanga wetu wa Tabora unahitaji kama lita 10 kwa wiki kiangazi chote, kuanzia Mei mpaka mvua zirudi. Miche 20 ni lita 200, yaani vidumu 40 vya lita 5. Kila mtoto kidumu kimoja kwa wiki, wawili wawili kwa mche mmoja. Hapo ndipo hesabu yangu inapoishia, hata mgeni rasmi akitaka picha ya miche mingi.

Mashimo tunachimba Oktoba: sentimita 60 kwa 60, kina 60. Ardhi ikiwa ngumu sana, mwagia maji jioni, chimba asubuhi kwa sururu. Udongo wa juu, sentimita 20 za kwanza, uwekwe kulia; wa chini kushoto. Watoto huchanganya malundo haya kila mara, kwa hiyo weka mmoja wa kusimamia. Wa juu, ukichanganywa na ndoo moja ya samadi iliyooza, ndio unaorudi kwanza shimoni. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaita mchwa.

Kupanga mistari ni kipindi cha hisabati. Kamba ya mita 12, mafundo kwenye mita 3 na 7, ncha zikutane: ukiikaza kwenye vigingi unapata kona mraba. Kati ya mche na mche tunaacha mita 5, kwa kuwa tunataka kivuli, si nguzo.

Usipande kwa mvua ya kwanza. Chomeka rula ya sentimita 30 pembeni ya shimo. Udongo ukiwa umelowa mpaka mwisho wa rula, panda. Mara nyingi ni mwishoni mwa Novemba, na Desemba shule zikifungwa mvua inatusaidia kumwagilia bure. Anayengoja Siku ya Misitu Duniani, 21 Machi, anapanda mche ambao mizizi yake haitashuka vya kutosha kabla ya kiangazi.

Siku yenyewe kosa kubwa ni kushika mche kwa shina na kuuvuta. Kiriba, yaani kifuko cha plastiki cha mche, kilowe kwanza, kishikwe kwa kiganja chini, kisha mwalimu (wembe haushikwi na mtoto) akate kitako, sentimita 1 hivi, aondoe mizizi iliyojizungusha, halafu apasue ubavu. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na usawa wa ardhi. Ukiizika, inaoza. Shindilia kwa mikono. Kisigino cha mtoto wa darasa la sita kinakata mizizi. Mwisho tunahesabu viriba: vikiwa 19, kuna mche umezikwa na plastiki yake. Utachipua vizuri, kisha udumae, na hutajua kwa nini.

Kwenye mchanga, kisahani cha kushikia maji kiwe chini ya usawa wa ardhi. Kwenye mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, ni kinyume: inua tuta, maji yasituame. Nyasi za kufunika zikae mbali na shina, kiganja kizima, maana mchwa hupanda kupitia hapo. Mikaratusi wanaipenda mno, nimeacha kuipanda shuleni. Mwarobaini na mjohoro huvumilia zaidi. Kabla ya Juni tunazungushia kila mche miiba dhidi ya mbuzi, na kupalilia duara la mita 1 hadi udongo mtupu, moto wa nyasi usifike.

Likizo ya Juni ndiyo inayoua. Panga zamu kwa watoto wanaokaa karibu, uiandike ubaoni kabla ya kufunga.

Kuanzia Agosti utasikia, "Mwalimu, wa kwetu umekufa." Kwaruza gome kwa ukucha, chini kukiwa na kijani, endelea kumwagilia. Mninga hauna hata dalili hiyo: kila kiangazi sehemu ya juu hukauka kabisa, mzizi ukiendelea kunenepa chini, na hurudia hivyo kwa miaka kadhaa kabla shina halijasimama moja kwa moja. Kwa hiyo mininga yetu ina vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu, na hakuna wa kung'oa kijiti kikavu pembeni yake mpaka Desemba.