Vya Kuumalizia

Tafakari ya juma: Luka 14:28–30

Wapendwa, kwetu mstari huu husikika zaidi siku ya harambee ya jengo. Mchungaji akifungua Luka 14, kila mmoja anajua mifuko inakaribia kupapaswa. Lakini siku ile Bwana hakuwa akichangisha. Umati mkubwa ulikuwa unamfuata, naye akawaambia waketi kwanza, wahesabu. Na neno zito pale ni moja: mjenzi wa mnara anaulizwa kama anavyo vya kuumalizia. Vya kuanzia karibu kila mtu anavyo. Pita barabara ya Moshi kwenda Arusha utazame misingi iliyoota magugu, nondo zimesimama zinashika kutu.

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kila nyumba yenye mhitimu ina mnara wake. Mtoto ana chuo anachokiota tangu kidato cha tatu, mara nyingi kiko Dar es Salaam. Kuna na kingine ambacho daladala hupita mlangoni kwake: Ushirika au Mwenge kwa walio Moshi, Uhasibu pale Njiro au Makumira kwa walio Arusha. Mzazi anatazama bei, mtoto anatazama jina, na mazungumzo yanafia hapo.

Mwaka wa kwanza hulipwa na furaha. Shangazi anatoa, baba mdogo anatuma, jumuiya inachanga, ng'ombe anauzwa. Mwaka wa pili shangazi ana mtoto wake wa kusomesha na ng'ombe alikuwa mmoja. Anayekwama kwa ada mara nyingi hakwami siku ya kuripoti. Hukwama baadaye, mitihani ikikaribia, jina lake lisipoonekana kwa wanaoruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Kwa hiyo chukueni daftari, kila chuo kiwe na ukurasa wake, na miaka yote ya kozi iandikwe juu ya ukurasa. Biashara na ualimu kwa kawaida ni miaka 3, uhandisi na uuguzi 4, udaktari 5, na baada yake mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Ada ichukueni kwenye tovuti ya chuo chenyewe au ofisini kwao, si kwa binamu aliyemaliza zamani.

Chini ya ada kuna vidogo vinavyouma: bima ya afya ya mwanafunzi 50,400 kwa mwaka, ada ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) 20,000 kwa mwaka, kitambulisho, usajili, michango ya serikali ya wanafunzi, na amana ya tahadhari, ya kufidia vitu vya chuo vikiharibika. Kisha chumba. Hosteli za ndani hazitoshi wote, na chumba cha mtaani mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kabla mkopo haujaingia. Godoro na sufuria navyo havisubiri.

Sasa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika, kwa sababu watu husema "amepata mkopo" kana kwamba ni kitu kimoja. Bodi hutoa kwa mafungu: chakula na malazi, ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo na mengineyo, na kiasi cha kila mmoja hutegemea uhitaji wake. Mtoto anaweza kupata vizuri kwenye chakula na kidogo kwenye ada. Tuseme, kwa mfano tu, chuo cha kwanza ada ni 1,300,000 na mkopo wa ada ni 780,000: pengo ni 520,000 kwa mwaka, yaani 1,560,000 kwa miaka 3. Chuo cha pili ada ni 2,800,000, na mkopo wa ada ni uleule 780,000: pengo ni 2,020,000, na kwa miaka 3 ni 6,060,000. Tofauti ya milioni nne na nusu, na bado hatujagusa chumba wala nauli ya basi ya kuja Krismasi. Pengo hilo ndilo familia inalolijaza, nalo huja kila mwaka.

Pesa ya kujikimu, ile wanafunzi wanayoiita boom, huingia kwa awamu. Majuma ya mwanzo mtoto ale pesa ya nyumbani. Wekeni angalau ya miezi miwili. Akishaanza kulipia ada kwa boom, ujue anashinda na chai.

Na mkopo ni deni. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, jambo la kumshukuru Mungu, lakini shina la deni lipo palepale. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 120,000 kwa mwezi. Deni la milioni 9 linakwisha kwa miezi 75, la milioni 15 kwa miezi 125. Huyo wa pili amezidi miaka kumi.

Kukaa nyumbani nako kuna bei yake, tusidanganyane. Kila shilingi 1,000 ya nauli ya kwenda, ukirudi nayo, siku 5 kwa juma, majuma 32, ni 320,000 kwa mwaka. Anayeshuka kutoka Marangu au Machame kwa magari mawili apige hesabu hiyo kabla ya kusema kukaa nyumbani ni bure. Tena mama asimgeuze mwanafunzi kuwa mlinzi wa duka. Kama kila jioni atauza, chuo cha karibu kitakuwa ghali kuliko cha mbali.

Kuhusu kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, tunasema wazi: kisiuzwe kwa ada ya mwaka wa kwanza. Ng'ombe huzaa na mbuzi hununuliwa tena, lakini kihamba kikienda hakirudi, na mwaka wa pili hakuna cha kuuza. Mkopo wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, nao unadai marejesho mwezi ujao, wakati mtoto ataanza kupata kitu baada ya miaka mitatu. Unafaa kuziba pengo dogo lenye mwisho unaoonekana. Ada ya miaka mitatu hauibebi.

Je, kuna wakati chuo cha mbali ndicho sahihi? Upo. Kozi isipopatikana huku, au maabara na mafunzo yake kwa vitendo yakiwa tofauti kweli, gharama inaweza kuwa na maana. Jina peke yake ni hoja ya Naamani, jemadari mwenye ukoma aliyekasirika kuambiwa aoge Yordani apone, wakati Dameski kuna mito ya Abana na Farpari (2 Wafalme 5). Watumishi wake walimwuliza swali zuri: angeambiwa jambo kubwa, asingelifanya? Mtoto mwenye ufaulu mwembamba anayo na njia ya stashahada. Akimaliza na GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 anaweza kuomba shahada. Ni ndefu, ila wengine hufanya kazi katikati.

Wanaojaza maombi sasa wasicheze na majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Aikaeli na cha kidato cha nne kikisema Aikael, shughulikieni hati ya kiapo mapema. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na cha kifo cha mzazi vilevile kwa yatima. Ada ya maombi ya mkopo ni 30,000 kwa kontrol namba, ile namba ya malipo unayopewa na mfumo. Fomu ichapwe, isainiwe na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo, ndipo ipakiwe tena kwenye mfumo. Sahihi au muhuri mmoja ukikosekana, fomu hurudishwa kwa marekebisho, na ambaye haangalii akaunti yake hajui. Namba ya mtihani ya kidato cha nne iwe ileile chuoni na Bodi. Aliyechaguliwa vyuo viwili au zaidi lazima athibitishe kimoja kwa msimbo anaotumiwa kwenye simu, ndani ya siku zilizowekwa. Kwa hiyo ile simu iliyoandikwa kwenye maombi isiwe ya mjomba wa Mererani anayeizima mgodini.

Wapo watakaosema daftari ni kukosa imani, Mungu atafungua njia. Anafungua. Ila aliyesema mhesabu ni yeye huyohuyo.

Basi Jumapili hii, baada ya chakula, kaeni watatu au wanne mezani. Baba aje na karatasi ya mshahara au daftari la mauzo ya kahawa, asimwambie tu mtoto "hatuna". Mtoto aje na kurasa zake mbili. Ombeni kwanza, kisha anzeni na mwaka wa mwisho mrudi nyuma hadi wa kwanza. Simu ziwekwe chumbani.