Ndege za vita, na sie tuliokuwa chini

Nimesharudi Kigoma lakini kichwa hakijatulia, acha niandike tu. Nilivyokuwa kwa dada Brussels alinipeleka makumbusho ya jeshi, yale ya kwenye bustani ya Cinquantenaire, na kule kwenye ukumbi wa ndege ndo nilikomaliza siku nzima. Mimi napenda ndege toka mdogo, hadi leo nikisikia inakuja kutua hapa kwetu natoka nje kuitazama, sasa unaingia mahali zimejaa, zingine zimening'inizwa juu, kuna Spitfire, kuna Hurricane, kuna F-104 yenye vibawa vifupi mpaka unajiuliza ilirukaje. Nilifurahi kweli. Ile Spitfire nimeizunguka weee naangalia bawa lilivyochongwa, jamani waliotengeneza kile kitu walikuwa na akili.

Shida ilianza nilivyoanza kusoma vibao. Injini gani, kasi kiasi gani, rubani nani. Aliyekuwa chini hatajwi, na mimi natoka mji uliokuwa chini.

Maana Kigoma imepigwa mabomu ya ndege, tena mapema sana, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Wabelgiji walipewa na Waingereza ndege nne za kampuni ya Short, zile za kutua majini, zikapitishwa Kongo kwa mito na reli mpaka ng'ambo yetu kule karibu na Mtoa, na Juni 1916 zikavuka Ziwa Tanganyika kuja kushambulia bandari yetu. Walikuwa wanaitaka meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Ndo Liemba hiyohiyo! Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi uliofuata, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina jipya, hii ambayo bibi zetu wamesafiria na magunia ya dagaa na madumu ya mawese.

Sasa siku ile bandarini kulikuwa na wapagazi, wavuvi, kina mama wa sokoni, watu ambao nadhani wengi wao hawajawahi hata kuona ndege, na kitu cha kwanza ndege inawaletea ni bomu. Vita yenyewe wala haikuwa yao. Nilitafuta mule ndani neno Kigoma, mimi sikuliona. Na hapo nje lipo lile tao kubwa la Leopold wa Pili, la 1905, mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo mali yake, nusu ya majirani zangu hapa Mwanga asili yao ni huko.

Dada akasema mdogo wangu umekuja kutembea, hayo achana nayo. Namwelewa, na kusema ukweli nikipata nauli narudi tena kuiona ile Spitfire. Ila nataka na hapa bandarini kwetu kiwepo kibao, hata cha bati, kinachosema Juni 1916 ilitokea nini na kwa nani.

Kama kwenu Ujiji, Kibirizi au Bangwe kuna mzee aliyewahi kusimuliwa habari za zile ndege na wazazi wake, naomba mniambie, nitakuja na daftari.