Safu ya namba na baiti kwa pamoja: nilivyosoma joto la maji ya mwani Jambiani

Kotonii, aina ya mwani unaolimwa baharini, haivumilii joto. Bahari ikipwa kule Jambiani, Zanzibar, maji machache yanayobaki shambani hupata moto upesi, ndiyo maana mkulima wa mwani anataka kuona joto la kila saa, si wastani wa siku. Kipima joto kilichofungwa kwenye kigingi hutuma paketi moja kwa siku. Kazi yangu ilikuwa upande wa kompyuta: kuipokea, kuikagua, kuchora grafu na kuhifadhi. Nilitumia `array` ya Python, kwa sababu kitu kilekile unakisoma kama safu ya namba na unakipitisha kama baiti zilizofungashwa, bila kunakili mara mbili.

Joto linaandikwa kwa sehemu za mia za digrii: 28.43 inakuwa 2843, inayoenea kwenye baiti 2 za aina `h` (kuanzia -32768 hadi 32767). Kwa maandishi, "28.43," ni herufi 6, kwa hiyo vipimo 24 ni herufi 144. Vikifungashwa ni baiti 48. Ongeza namba ya kituo (baiti 1), muda (4) na CRC-32 ya vipimo, yaani namba ya kukagua kama baiti zimefika salama (4), paketi nzima ni baiti 57. Katika msimbo huu, `memoryview` ni dirisha la kusoma baiti hizo bila kuzinakili:

```
mv = memoryview(paketi)
kituo, muda = unpack_from('>BI', mv)
joto = array('h')
joto.frombytes(mv[5:53])
(crc,) = unpack_from('>I', mv, 53)
sawa = zlib.crc32(joto) == crc
if sys.byteorder == 'little':
    joto.byteswap()
```

Hiyo 53 usiiache. Ukiandika `mv[5:]` tu, zinabaki baiti 52, na kwa kuwa 52 inagawanyika kwa 2, Python haitalalamika: utapata vipimo 26, viwili vya mwisho vikiwa vipande vya CRC. Idadi ikiwa witiri, hapo ndipo `frombytes` inapotoa `ValueError`. Kwa hiyo napima kwanza kwamba `len(paketi)` ni 57.

Alama ya `>` nayo ina kazi mbili. Inasema baiti kubwa inatangulia, na inazuia Python kuweka nafasi tupu katikati. `calcsize('BI')` bila alama, kwenye kompyuta za kawaida, inarudisha 8. `calcsize('>BI')` inarudisha 5. Baiti 3 zikizidi hapo, kila kinachofuata kimehama.

`array` yenyewe haina alama ya namna hiyo. Inafuata mpangilio wa mashine. Kipima joto kinatuma 2843 kama 0B 1B, lakini kompyuta yenye prosesa ya Intel inasoma 1B 0B, yaani 6923. Digrii 69.23! Mwani ungekuwa umeshachemka. `byteswap` ndiyo dawa, ila ije baada ya CRC, maana ikishageuza, baiti za ndani si zile zilizotumwa na ukaguzi utakataa paketi nzima isiyo na kasoro.

Baada ya hapo, `max(joto)` inatoa namba, na `faili.write(joto)` inaandika baiti 48 moja kwa moja. `bytes(joto)` nayo inatoa baiti hizohizo 48. Orodha ya kawaida haifanyi hivyo: `bytes([2843])` inakataa, kwa sababu kila namba inatakiwa isizidi 255.

Kipimo kilichokosekana nakiandika -32768. Asiyejua akisoma faili kwa `H` (aina isiyo na namba hasi) badala ya `h` ataona 327.68, na kwa maoni yangu hiyo ni afadhali kuliko sifuri, ambayo kwenye grafu hujificha kama namba ya kweli. Aina ya `l` siigusi kabisa: ni baiti 8 kwenye Linux ya biti 64 na 4 kwenye Windows, na faili zetu zinahama baina ya mashine hizo.

Unapotaka kuunganisha siku nyingi, usiache `memoryview` ya `joto` ikiwa wazi. `joto.extend(...)` itagoma na `BufferError`, kwa kuwa safu haiwezi kukuzwa wakati kuna anayeangalia kumbukumbu yake. Ifungue ndani ya `with`, au iite `release()`, kisha ongeza.