Hilali Chini ya Mkorosho

Juzi kwenye darasa la kipaimara mtoto mmoja kaniuliza, "Mwalimu, lile giza la Kalvari si jua lilipatwa tu?" Nikamjibu kwa kalenda. Pasaka ya Wayahudi huangukia mwezi mpevu, na jua hupatwa siku za mwezi mwandamo tu, mwezi unapopita kati yetu na jua. Tena jua likifunikwa lote, halizidi dakika 7 na nusu. Mathayo 27:45 inasema saa sita mpaka saa tisa. (Saa hizo hatuna haja ya kuzigeuza, Biblia inahesabu kama sisi.) Akaridhika. Mimi mawazo yakarudi Nanyamba, kule Mtwara.

Alhamisi, 1 Septemba 2016. Upeo wa kupatwa kwa jua siku ile ulipita kusini mwa nchi, upande wa Tunduru, saa 6 na dakika 7 mchana. Nanyamba ilikuwa pembeni ya njia, kwa hiyo tulibakiwa na kipande. Nilishawakataza wanajumuiya kutazama juu: filamu ya eksirei haikingi, kioo cha moshi hakikingi, labda kioo cha kuchomelea namba 14, na nani anacho? Nikatoboa kartoni kwa sindano, mwanga upite tunduni uchore umbo la jua mchangani.

Kartoni haikuhitajika. Tulikuwa chini ya mkorosho, na kila upenyo kati ya majani ulifanya kazi ya lile tundu la sindano. Mchangani zikamwagika hilali, mamia, zote zimepinda upande mmoja, zikitikisika upepo ukipita. Zilipanda kwenye kanga ya bibi mmoja wa jumuiya, zikamtambaa viganjani. Mwanga ulipungua kama utambi unaoteremshwa, vivuli vikawa na makali. Kuku, waliotabiriwa kwenda kulala, waliendelea kuparua.

"Ndiyo ile ya Amosi?" bibi akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa. Amosi 8:9, jua kutua adhuhuri. Nikamwambia asome kuanzia juu, aya ya 5: hukumu ile inawahusu wanaopunguza efa, kipimo cha nafaka, wanaoongeza shekeli, kipimo cha uzito wa fedha, wanaodanganya kwa mizani. Na giza la Misri, Kutoka 10, siku tatu, halikuwapata wote. Wana wa Israeli walikuwa na mwanga makwao. Giza la hukumu lina anwani, nikasema, nikajiona nimesema.

Bibi akazipangusa zile hilali viganjani, kama mtu anayepangusa unga.

"Efa ni kama kangomba?"

Hapo kila mtu anajua kangomba ni nini: korosho yako inapimwa kwa chombo cha mnunuzi, kwa bei ya njaa, kabla ghala halijafunguliwa. Kijana mmoja akainama kufunga kamba za viatu.

"Kama kangomba, ndiyo," nikasema.

"Basi mbona jua halizimiki kila msimu, Mwalimu?"

Nikafungua Biblia, nikaifunga. Mchangani hilali zilikuwa zimeanza kunenepa, na yule kijana bado yuko kwenye kamba za viatu.